Utaenda Nairobi Lini?

Ukikaa Nyeri ukiwa na miaka ishirini na kitu, na husomi wala hujaandikwa kazi na serikali, kuna swali utaulizwa mpaka ulizoee: sasa Nairobi utaenda lini? Anauliza kinyozi. Anauliza mama wa kibanda. Anauliza hata karani wa kaunti ambaye mwenyewe amekuwa akisema ataenda tangu nilipomjua. Hawaulizi kwa ubaya. Ni vile tu mji huu watu wanauchukulia kama steji, na wakikuona umekaa kwenye benchi muda mrefu wanadhani gari limekuacha.

Hata kwa sheria tuko hapo hapo katikati. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, baada ya kurekebishwa 2019, inataka watu 250,000 ndipo mji uitwe jiji, na 50,000 ndipo uwe manispaa. Sensa ya 2019 ilipata watu kama 80,000 mjini Nyeri. Nakuru ikapanda cheo Desemba 2021, Eldoret Agosti 2024. Sisi ni manispaa. Tumekuwa wakubwa kiasi cha kuwa na msongamano wa magari Jumamosi, na bado ni wadogo kiasi kwamba ukiachana na mpenzi wako, mtakutana kwenye foleni ya supamaketi wiki hiyo hiyo, yeye ameshika maziwa, wewe umeshika tambi, na hakuna pa kujificha.

Mimi si wa hapa. Natoka Kangari, Murang'a, upande wa Kigumo, kule juu ambako majani chai yanaanzia mlangoni pa nyumba na kuishia msitu wa Aberdare unapoanzia. Kangari hakuna mtu anayekuuliza jina. Unaulizwa wewe ni wa nani. Ukishajibu, mambo mengine yote yanajulikana: shamba lenu liko wapi, mnapeleka majani kiwanda gani, mwaka jana bonasi ya chai mliila vipi, na ni mjomba yupi hamsemezani. Hutakiwi kuongeza lolote. Nairobi nayo, kwa zile wiki chache nilizowahi kukaa huko, ni kinyume kabisa. Niliishi ghorofa moja na watu pengine mia mbili, na aliyenijua vizuri zaidi alikuwa askari wa geti, ambaye alinijua kwa sababu ya kitabu cha wageni.

Nyeri nimejulikana nusu. Mama mwenye duka chini ya ploti yetu anaponiona ananiita "Kangari". Si jina langu, lakini limeshika, na sasa hata watoto wa ploti wananiita hivyo. "Kangari, leo huchukui maziwa?" Anajua natoka wapi, anajua nalipa lini, anajua nikinunua mayai mawili badala ya trei kwamba kazi imekuwa mbaya. Hajui baba yangu ni nani na hajawahi kuuliza. Kwa mtu aliyekulia Kangari, hilo la kutoulizwa lina utamu wake.

Shosho yangu alikuwa na Nyeri yake tofauti. Kwake Nyeri ilikuwa Serikali yenyewe. Mpaka kaunti zilipoanza kazi 2013, Mkoa wa Kati ulisimamiwa kutoka hapa, na Murang'a ilikuwa ndani ya mkoa huo pamoja na Kiambu, Kirinyaga na Nyandarua. Jambo likishinda chifu, likamshinda DO, likamshinda DC, lilipandishwa Nyeri kwa PC. Kwa hiyo niliposema nimeitwa chuo Nyeri, shosho alifurahi kuliko ambavyo angefurahi kama ingekuwa Nairobi. "Huko ndiko kwa PC," akasema, kana kwamba nitamkuta mlangoni ananisubiri. Nilipofika, PC hakuwepo tena. Majengo yapo. Mji uliojengwa ili watu wa mkoa mzima waje kupiga foleni ukabaki na foleni za kaunti moja, na nadhani ndiyo sababu kuna utulivu fulani hapa usiofanana na wa mji unaokua. Unafanana na wa ofisi saa kumi na moja jioni.

Reli nayo ilitupita. Ile inayokwenda Nanyuki hupitia Karatina na Kiganjo, mjini Nyeri haiingii. Na watu wetu maarufu zaidi, ukiwauliza watalii, ni wazee waliokuja kupumzika: Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyehamia hapa 1938 akafa Januari 1941, na Jim Corbett, yule mwindaji wa India, aliyekaa baadaye kwenye nyumba ile ile ndogo ya Outspan na akafa 1955. Wote wawili wamezikwa kwenye makaburi mamoja. Kuna barabara mjini yenye jina la Dedan Kimathi, ambaye alikamatwa karibu na hapa Oktoba 1956, akahukumiwa hapa hapa Nyeri, kisha akanyongwa Kamiti Februari 1957. Hata yeye, ikabidi apelekwe Nairobi. (Huo ni utani wa vijana wa hapa, na wazee hawaupendi.)

Chuo nilisoma miaka miwili. Mwaka wa tatu karo ilishinda nyumba yetu, na siku moja jina langu halikuwa kwenye orodha ya mtihani. Nilitoka chuoni, mjini sikutoka. Chumba changu cha King'ong'o kilikuwa 4,500 kwa mwezi, intaneti ilikuwepo, na nilikuwa nimeanza kuandikia watu mtandaoni. Kazi yenyewe nisiipambe. Nimewahi kuandika maneno elfu moja kuhusu namna ya kuchagua mashine ya kukata nyasi, kwa ajili ya watu wa Kanada, nikiwa ghorofa ya tatu na maji yamepotea. Lakini kazi ya aina hiyo haijali uko wapi, na hapo ndipo mji wa katikati unapoanza kuwa na hesabu nzuri: kodi ya Nyeri, mteja wa ng'ambo, viazi vya Kangari.

Nilikuwa nimepanga kumwambia mama habari za chuo Krismasi, uso kwa uso, baada ya chakula. Ilikuwa Septemba. Kuna mama mmoja wa kwetu aliyeolewa Skuta, na huuza viazi soko la mjini. Aliniona Jumatatu saa nne asubuhi nikinunua sukuma. Akaniona tena Jumatano, saa hiyo hiyo, nikiwa na malapa. Hakuniuliza kitu, tulisalimiana vizuri tu, akaniongezea kitunguu. Alhamisi jioni mama akapiga simu. Aliuliza mvua. Aliuliza kifua changu. Halafu akasema, "Maitu, nasikia siku hizi unapika mchana."

Basi. Hakuna upelelezi mwingine uliofanyika. Mwanafunzi hapiki mchana. Tuliongea mpaka salio likaisha, na kilio kilikuwepo pande zote mbili, lakini nilichobaki nikikiwaza usiku ule ni jinsi habari ilivyoshuka kutoka soko la Nyeri ikapanda Kangari kwa siku tatu, wakati mimi mwenyewe safari hiyo nabadilisha matatu mara mbili na nusu ya siku inaisha.

Mtu akisimulia kisa kama hicho, kawaida anamalizia kwa kulalamika kwamba miji midogo haina siri. Ni kweli, haina. Na kwa msichana anayeishi peke yake bei ni kubwa zaidi. Msimamizi wa ploti anajua nani alinitembelea na alivaa viatu gani. Kuna mzee wa duka la simu aliyewahi kunishauri, bila kuombwa, kuhusu kijana niliyeonekana naye mara mbili. Mara mbili! Rafiki yangu mmoja alihamia Nairobi kwa sababu hiyo tu, apate mahali pa kuvaa anachotaka bila mama yake kupigiwa simu, na simlaumu hata kidogo.

Lakini ninayo hesabu nyingine, na niliipata 2024.

Tarehe 25 Juni mwaka huo, ile Jumanne ambayo Nairobi vijana waliingia Bungeni na wengine wakapigwa risasi, Nyeri pia tuliandamana kupinga Mswada wa Fedha. Mlima Kenya kuandamana ni habari yenyewe. Wazazi wetu wengi hawakuwahi. Kwenye runinga ulikuwa unaona Nairobi bahari ya watu wasiojuana, barakoa usoni. Sisi barakoa zingesaidia nini? Ukiimba, sauti yako inajulikana. Nilipita mbele ya duka ninalonunua unga. Nilipita mbele ya mhadhiri aliyenifundisha mwaka wa kwanza, amesimama kando na begi lake, na akaniita kwa jina, jina langu la kweli, kwa mshangao. Na mmoja wa maafisa wa polisi waliosimama na ngao tunakula naye kibanda kimoja King'ong'o. Yeye hupenda chapati ya juu kabisa, ile ya moto. Akaniangalia. Nikamwangalia. Vitoa machozi viliporushwa nilikimbia kama kila mtu.

Alhamisi tulikutana kibandani, benchi moja. Hakusema kitu kuhusu Jumanne, nami sikusema. Akanisogezea chumvi. Mpaka leo sijui ile chumvi ilikuwa msamaha, onyo, au chumvi.

Siku zile zile ndizo watu walianza kutekwa. Unakumbuka: fulani hajulikani alipo, simu imezimwa, picha yake inazungushwa. Nililala vibaya wiki nzima nikifikiri kwamba ninayekaa mji huu nimejiweka hadharani, kwamba anayenitaka hana haja ya kompyuta, atauliza dukani "Kangari anaishi wapi?" na ataonyeshwa mpaka mlango. Hilo lilikuwa la kweli na lingali la kweli. Kisha nikaligeuza upande wa pili: nikikosekana, nani atagundua, na baada ya muda gani? Nikapiga hesabu. Mwenye duka: asubuhi ya pili, nisipochukua maziwa. Mama wa kibanda: siku hiyo hiyo, mchana. Mama wa viazi: kufikia Jumatano, na ikifika kwake imefika Kangari. Rafiki yangu wa Nairobi, yule aliyehama, aliwahi kuugua malaria chumbani kwake Roysambu siku nne. Siku ya tano aliyebisha mlango alikuwa anadai kodi.

Sisemi kwamba mwenye duka angenitoa mikononi mwa mtu yeyote. Nasema angeuliza.

Kuna na yale madogo yasiyo na siasa. Julai iliyofuata, katika ile baridi yetu ambayo jua halionekani wiki mbili, mteja wangu mkubwa alikaa na pesa zangu miezi miwili. Nilikula kwa deni dukani, deni lililoandikwa kwenye daftari la kalamu nyekundu chini ya jina "Kangari". Mwenye ploti alikubali nusu ya kodi na akanipa wiki tatu. Sikuweka dhamana ya aina yoyote. Dhamana yangu ilikuwa kwamba nikitoroka, atanikuta mjini.

Sasa barabara inakuja. Ile pana ya kutoka Kenol kupitia Sagana mpaka Marua, kilomita 84, imeshatufupishia safari, na kuna watu hapa wanaoenda Nairobi asubuhi na kurudi kulala. Wenye ploti wanaongeza ghorofa. Kodi yangu imepanda hadi 5,500. Rafiki wa Roysambu ananiambia tukichanga chumba kimoja itanigharimu karibu hiyo hiyo, na kwamba kule kuna kazi za ofisini, watu wa kuandika nao, maonyesho, vitabu vikizinduliwa kila wiki. Yote ni kweli. Hapa mtu wa kuongea naye juu ya aya iliyokataa kukaa vizuri sina, na kuna jioni hilo linauma kuliko baridi. Nimemwambia nitamjibu Januari.

Leo mama ametuma viazi, nusu gunia, na kabichi mbili juu. Alipakia Kangari asubuhi, vimebadilisha gari mara mbili, na makanga hana namba yangu ya simu. Mama hakumpa. Alimwambia tu akifika Nyeri aulize Kangari.