Keja Yangu Ilinuka Omena, Nikapoteza Kazi

Wacha nianze na aibu yenyewe. Mwaka jana nilipoteza kazi ya shilingi 8,000 kwa sababu ya sufuria moja ya omena.

Ilikuwa hivi. Kuna dada anauza mitumba safi, zile za kuamkia Gikomba alfajiri. Alinipa jaketi sita nimpigie video. Kodi ilikuwa imechelewa siku tisa, na kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, 8,000 si pesa ya kuchezea. Nikatundika jaketi kwenye kamba juu ya kitanda. Usiku njaa ikabisha. Mama alikuwa amenitumia omena kutoka Mbita, mfuko mzima. Nikakaanga.

Kama unaishi bedsita unajua ramani: jikoni, chumba cha kulala na studio ni pale pale. Asubuhi nilisikia kaharufu kidogo tu, maana pua huzoea haraka. Nikapulizia kila jaketi pafyumu, nikashuti, nikarudisha.

Jioni simu ikalia. “Kaka, nguo zangu zinanuka omena iliyojipaka pafyumu. Nitamuuzia nani?” Nikamwambia ni jirani ndiye alikuwa anapika. Uongo mtupu. Hakunilipa, na sikumlaumu.

Wiki hiyo nikampigia Mama. “Mama, usinitumie omena tena.”

“Wuoda, haikuwa tamu?”

“Ni tamu, lakini harufu inanikosesha kazi.”

Akanyamaza kidogo. “Sawa,” akasema, akakata.

Sasa elewa: Mama anauza omena. Ile miaka miwili niliyosoma ililipwa na omena, gorogoro moja baada ya nyingine. Na mimi nimempigia simu kumwambia inanuka.

Aliyenitoa kwa shimo ni jirani wa mlango wa tatu. Anakaanga samaki na kuuza barabarani kila jioni, lakini ukiingia kwake hata mapazia hayanuki. Nikajikaza nikamuuliza. Akacheka. “Kijana wangu, harufu haifunikwi. Inaoshwa. Una ndimu?”

Manze, nilijiona mjinga, kwa sababu nilichosomea chuoni ni kemia! Harufu ya samaki inatokana sana na kitu kinaitwa trimethilamini. Ni ya upande wa besi, na hupaa hewani kwa urahisi, ndiyo maana inakufikia puani. Ukiipa asidi, yaani ndimu au siki ya chipsi, inageuka kuwa chumvi isiyopaa. Haipai, huisikii. Pafyumu haifanyi hivyo. Inaongeza tu harufu ya pili juu ya ya kwanza.

Kitu cha pili ni mafuta. Ukikaanga, matone madogo sana ya mafuta yanaruka na mvuke, yanatua kwa pazia, blanketi, ukuta na juu ya kabati, yakiwa yamebeba harufu. Kwa hivyo asidi peke yake haitoshi. Lazima mafuta yatoke pia.

Basi hivi ndivyo nafanya siku hizi. Nguo na mapazia: kikombe kimoja cha siki kwa ndoo ya maji baridi, loweka nusu saa, kisha fua na sabuni kama kawaida na uanike nje penye jua na upepo. Jaribu kwanza pembe iliyojificha uone kama rangi inatoka, na ngozi usiiloweke kabisa. Ukuta na kabati: anza na maji moto na sabuni ili mafuta yatoke, halafu pangusa na siki iliyozimuliwa kwa maji. Sufuria, mwiko na mikono: sugua na ganda la ndimu. Godoro halifuliki, kwa hivyo litoe nje lipigwe jua, hata kama majirani watakuangalia vibaya.

Maziwa yaliyomwagika yakachacha ni kesi tofauti. Hiyo harufu yenyewe ni ya asidi, kwa hivyo siki haitakusaidia. Hapo tumia magadi, yale ya kulainisha mboga za kienyeji, kidogo kwenye maji, kisha suuza vizuri.

Na tafadhali, usichanganye siki na Jik ukidhani utapata dawa kali zaidi. Inatoa gesi ya klorini, na kwenye bedsita hiyo gesi haina pa kwenda ila mapafu yako.

Kabla ya kupika, nguo zote zinaingia kwa sanduku, zipu inafungwa. Dirisha na mlango wazi. Omena naichemsha kwanza, namwaga yale maji, nakamulia ndimu, ndipo nakaanga na kitunguu na nyanya. Harufu bado ipo, lakini saa moja baadaye imeondoka.

Sasa maoni yangu, na mniwie radhi. Ukitoka kula nyama choma sweta ikinuka moshi, watu wanasema ulijibamba. Ukinuka omena, unaitwa mshamba. Zote ni mafuta na moshi kwenye kitambaa. Tofauti ni bei ya sahani. Mimi niliona aibu ya umaskini nikaiita aibu ya harufu, halafu nikamtwika mama yangu.

Nilimrudia yule dada nikamwambia ukweli, nikaomba nizioshe jaketi mwenyewe. Nne zilitoka safi mara moja, mbili nikazirudia. Zile 8,000 sikuzipata, lakini mwezi uliofuata alinipa viatu nimpigie video.

Simu ya Mama ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Nilimwomba msamaha, nikamwambia atume gorogoro moja. Nikaanza kumwelezea mambo ya asidi na besi kama mwalimu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Wuoda,” akasema, “mimi naosha mikono na ndimu kabla hujazaliwa. Si ungeniuliza tu?”