Wagnosi: Stori Iliyosimuliwa na Wapinzani

Juzi mathe alinipata nikisoma kuhusu Wagnosi, akaniuliza kama nimeacha kanisa. Hapana. Nilitaka tu kuwasikia wenyewe.

Ni hivi: karne ya pili, Ukristo ukiwa bado mchanga, kuna walimu waliosema mtu huokolewa na gnosis, yaani ujuzi kwa Kigiriki. Wengi wao waliamini dunia iliumbwa na mungu wa chini, si Mungu wa juu kabisa. Wasomi bado wanabishana walitoka wapi: kwa Wayahudi, kwa falsafa ya Plato, ama ndani ya Ukristo wenyewe. Lakini usidhani walikuwa watu wa mbali. Valentinus alifundisha Roma kwenyewe, katikati ya Wakristo.

Mnamo mwaka 180 hivi, askofu Irenaeus wa Lyon aliandika vitabu vitano kuwapinga. Kwa karne nyingi dunia iliwajua hasa kupitia wapinzani kama yeye. Halafu 1945, karibu na Nag Hammadi, Misri, wakulima wakachimbua mtungi wenye vitabu vya Kikopti. Kitabu cha Siri cha Yohana kilikuwemo, tena nakala tatu.

Nimekisoma kwa tafsiri na sikushawishika. Kuona mwili kama jela ya roho? Siwezi. Lakini mimi niliacha chuo, na mashangazi walisimulia stori yangu kabla sijafungua mdomo. Kumkataa mtu ni sawa, ila msikize kwanza.

Mathe, Jumapili bado tuko pamoja.