Maisha chini ya Mlima Hanang: Familia yako itakutana wapi?

Ukitoka Babati kwa barabara ya Singida, Mlima Hanang unauona mapema. Kadiri basi linavyosonga mlima unazidi kukua mbele ya kioo, na ukifika Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, umekuwa kama ukuta nyuma ya maduka. Una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa nne kwa urefu nchini. Ulizaliwa na volkano ambayo imelala siku nyingi, na msitu unaouzunguka ni hifadhi ya mazingira asilia.

Mgeni akiuliza kwa nini watu wamejenga karibu hivyo na mlima, jibu analiona kwa macho. Udongo wa volkano una rutuba, na maji hushuka kutoka msituni. Mahindi, maharage na vitunguu vinakubali, na upande wa Basotu kuna mashamba makubwa ya ngano. Wafugaji wa Kibarbaig hupitisha mifugo, mnada unachangamka, na malori ya Singida na Arusha hayakosi stendi. Mlima huu ndio unaowalisha.

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, mlima huohuo ulishusha tope. Mvua zilikuwa zimenyesha kwa wingi. Tangu Agosti mwaka huo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kuwa vuli ingekuwa ya juu ya wastani kutokana na El Nino. Msemaji Mkuu wa Serikali wa wakati ule, Mobhare Matinyi, alieleza kuwa haikuwa volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ikameguka. Tope likafuata mikondo ya maji, likabeba mawe na magogo, likavamia Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh wakati familia nyingi zikiwa bado ndani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Barabara ilizibwa, na maduka na nyumba zikafukiwa.

Leo mji umesimama tena. Lakini kwa mzazi anayelaza watoto chini ya mlima, swali moja halijaondoka: ikija tena usiku, nani atamshika nani, na mtakimbilia wapi?

Meli inatufundisha nini

Huenda mzazi wa Katesh au Mbulu hatapanda meli ya kitalii maishani mwake. Hata hivyo swali hilo limepata jibu zuri huko baharini, baada ya misiba mingi. Meli ya kitalii ni mji unaoelea. Ina watu elfu kadhaa, majiko, mitambo, watoto, wazee, na hakuna pa kukimbilia isipokuwa ndani ya meli yenyewe. Moto ukiwaka chumba cha mitambo, zimamoto ni mabaharia walewale.

Kwa sababu hiyo kila abiria ana kituo chake cha kukusanyikia, na husomeshwa njia ya kukifikia mwanzoni kabisa mwa safari. Ishara ya dharura ni moja popote duniani: honi fupi saba au zaidi, kisha moja ndefu. Akiisikia, abiria haulizi wala harudi kufuata sanduku. Anakwenda kituoni, anahesabiwa, na anayekosekana anajulikana mapema.

Tofauti ilionekana mwaka 2012 kwenye meli mbili za kampuni moja. Januari 13, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Abiria mia kadhaa walikuwa wamepanda jioni ileile, na zoezi lao lilipangwa kufanyika kesho yake. Baada ya kugonga, abiria waliambiwa ni hitilafu ya umeme. Amri ya kuondoka melini ilitolewa baada ya zaidi ya saa moja, meli ikiwa imeanza kulala ubavu. Watu 32 walikufa. Baada ya ajali hiyo kanuni za kimataifa zilibadilishwa: zoezi hufanyika kabla meli haijaondoka, au mara tu inapoondoka.

Wiki sita baadaye, Februari 27, Costa Allegra iliwaka moto kwenye chumba cha jenereta ikiwa katika Bahari ya Hindi, njiani kutoka Madagascar kwenda Ushelisheli. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,000. Abiria waliitwa kwenye vituo vyao, mabaharia wakauzima moto, na hakuna aliyekufa. Meli ilibaki bila umeme, watu wakalala sitahani kwa sababu ya joto, mpaka meli ya Kifaransa ya kuvua jodari ilipoikokota hadi Mahe.

Bahari ilikuwa hatari kwa meli zote mbili. Lakini kwenye Allegra watu walijua pa kwenda na waliambiwa mapema. Hilo halihitaji fedha za kampuni ya meli. Familia ya vyumba viwili Jorodom inaweza kulifanya Jumapili hii baada ya chakula.

Kituo cha kukusanyikia cha nyumbani

Anza kwa kutembea na watoto kuzunguka nyumba. Waonyeshe korongo liko wapi na maji ya mvua hupita wapi. Tope la mlimani hufuata njia ya maji, kwa hiyo anayekimbia kufuata bonde kuelekea chini anakimbizana nalo, na atashindwa. Toka pembeni mwa mkondo, panda sehemu iliyoinuka, mbali na korongo. Chagueni mahali pamoja ambapo hata mtoto wa miaka sita anaweza kupataja: kwenye mti fulani, uwanja wa kanisa, shule iliyo juu ya mwinuko. Hicho ndicho kituo chenu. Chagueni na cha pili, endapo njia ya kwanza itazibwa.

Kisha gaweni kazi kama mabaharia wanavyogawana. Nani anambeba mtoto mchanga? Nani anamwamsha bibi na kumshika mkono? Nani ana tochi? Mtoto mkubwa asiachiwe kubuni usiku wa manane. Aambiwe mchana, kwa sauti ya kawaida: "Wewe unamshika mdogo wako, mnakwenda kwenye ule mti, mnatusubiri. Usirudi ndani kufuata kitu." Hilo la kutorudi lirudieni mara nyingi, maana wengi hurudi kwa ajili ya simu, fedha au mbuzi.

Ishara nayo ijulikane. Vijijini kwetu yowe linatosha kuamsha watu, lakini yowe laweza kuwa la mwizi, la fisi au la msiba, na mtu akilisikia hutoka kwanza kuuliza kuna nini. Shule nyingi zina kengele au rimu ya gari inayogongwa. Mkutano wa kijiji unaweza kukubaliana mgongo wa aina moja ambao maana yake ni moja tu: tokeni, nendeni juu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa katika ngazi mbalimbali za utawala, kwa hiyo mzazi anayelisimamisha jambo hili mkutanoni haombi hisani.

Mlima pia una dalili zake. Kijito kikibadilika ghafla kuwa tope zito, au kikikauka ghafla wakati mvua inaendelea, kuna kitu kimeziba huko juu. Nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoanza kuinama, na muungurumo unaozidi kukua ni sababu ya kutoka kabla ya kuambiwa. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa kwa Manyara, familia iliyo kando ya korongo isilale bila mpango. Kulala kwa ndugu upande wa juu usiku mmoja si aibu, hata kama mvua haitanyesha.

Mbulu: baridi na moto wa ndani

Kutoka upande huo wa bonde, panda mteremko wa Magara hadi Mbulu. Hewa inabadilika. Hapa ni juu, vilima vimekatwa matuta, na Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Wairaqw wa zamani walijenga tembe zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake likifanana na ardhi, ili wavamizi wa mifugo wasizione kwa mbali. Walijua hatari yao ni ipi, wakajenga nyumba kwa kuifikiria.

Hatari ya leo huwa imo ndani. Usiku wa baridi jiko la mkaa huingizwa chumbani na mlango kufungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki, na mtoto mdogo huzidiwa mapema. Jiko likitoa joto jioni, litolewe nje kabla ya kulala, hata kama linaonekana limezimika. Blanketi la ziada ni nafuu kuliko msiba.

Kibatari na mshumaa visiwekwe karibu na chandarua. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua madirisha na milango, usiwashe wala kuzima swichi, toa watoto nje. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, yafunike kwa mfuniko na zima jiko, usimwage maji. Halafu tazama madirisha. Nondo tulizoweka kwa sababu ya wezi zinaweza kumfungia mtoto ndani. Angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo wa mlango ukae usiku mahali ambapo kila anayeweza kuufikia anapajua. Moshi ukijaa, mtoto atambae chini, hewa ya kupumua iko karibu na sakafu. Zimamoto na Uokoaji hupigiwa 114. Lakini gari likiwa mbali na barabara ina utelezi, dakika za mwanzo ni zenu wenyewe.

Bwenini na kwenye boti

Wazazi wengi wa Mbulu na Hanang wana watoto bweni. Siku ya kupeleka mtoto tunakagua godoro, ndoo na ada. Ni wachache wanaokagua mlango. Juni 1994, bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, liliungua usiku na wasichana zaidi ya 40 walikufa. Septemba 2024, wavulana 21 walikufa kwenye moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, Kenya. Ukifika shuleni omba kwa adabu uonyeshwe bweni. Lina milango mingapi? Nani analala na ufunguo? Watoto wamewahi kufanya zoezi la kutoka gizani, na wanakusanyika wapi kuhesabiwa? Mwalimu mkuu anayejali kazi yake hatachukia swali hilo.

Na familia ikisafiri kwa maji, tuseme kwenda kwa ndugu Unguja au visiwa vya Ukerewe, fanyeni wenyewe zoezi la ile meli ya kitalii. Mkishakaa, simama na watoto mtafute jaketi za kuokolea maisha ziko wapi na kama zipo za watoto. Hesabuni safu za viti hadi mlangoni. Kubalianeni mahali pa kukutana sitahani. Chombo kikijaa kupita kiasi, shukeni na kusubiri kingine. MV Nyerere, kivuko chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gati la Ukara, kimejaa watu na mizigo. Watu zaidi ya 220 walikufa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri.

Bila kuwatia watoto hofu

Wapo wazazi wanaoogopa kuzungumza haya wasije wakawatisha watoto, au wakaonekana wanaita balaa. Watoto wa Katesh walikwisha kuona, au kusimuliwa. Mtoto aliyeona tope na hajapewa la kufanya ndiye anayekaa na hofu kila mawingu yanapofunika mlima. Akishapewa kazi yake, kumshika mdogo wake na kwenda kwenye mti, hofu ile inapata pa kushika.

Zoezi lenyewe halizidi robo saa. Fanyeni mara moja mchana na mara moja jioni giza likiingia, kabla ya vuli na kabla ya masika, na kila mkipata mtoto mpya, mgeni wa kukaa au msichana wa kazi. Wote wakishafika kwenye kituo chenu, wahesabu kwa majina mpaka wa mwisho. Kisha rudini ndani mkanywe chai.