Kutoka Gisenyi hadi Birere kwa Njia ya Bahari

Miongoni mwa mambo yanayowatia wazee wetu wasiwasi siku hizi, kompyuta haikosi. Mzazi akimwona kijana wake ameinamia kioo tangu magharibi hata usiku wa manane, hawezi kujua kama anasoma au anacheza, maana kwa mbali mambo hayo mawili yanafanana: macho yamekazwa, vidole vinakimbia, na akiitwa kula haitiki. Mimi ni mwanafunzi wa elimu ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Gisenyi, na nyumbani kwetu swali hilo limeulizwa mara nyingi, hasa na baba, ambaye ni askari mstaafu na hapendi jambo lisilokuwa na saa yake. Sina nia ya kumtetea kila kijana mwenye simu. Wako wanaokesha kwa upuuzi mtupu ilhali ada inalipwa. Nataka kueleza tu yale ambayo mchezo umenifundisha juu ya mji huu, na juu ya ndugu zetu walio ng'ambo.

Msomaji asiyeyajua makazi yetu na afahamu kwamba Gisenyi, iliyo katika Wilaya ya Rubavu, na Goma ya Kongo ni kama nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja. Kusini ni Ziwa Kivu, kaskazini ni mlima Nyiragongo unaowaka usiku, na katikati ni kizuizi cha mpaka ambacho watu wote hukiita Petite Barrière, wanakopita akina mama wenye mabeseni ya nyanya, unga na samaki. Mama yangu alizaliwa upande wa pili. Kwa sababu hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumba yetu zamani, kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mdogo wake mama, ambaye sisi twamwita mama mdogo, anakaa Birere, mtaa wa Goma unaogusa mpaka. Tangu mlangoni kwetu hata mlangoni kwake hazizidi kilomita 3, foleni ya mpaka ukiiweka kando.

Mtoto wa mama mdogo ni rika langu, nasi tumecheza pamoja tangu tulipokuwa na mpira wa matambara. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walikimbilia kwetu, naye alikuwa miongoni mwao, amembeba mdogo wake mgongoni na kompyuta ya mkononi kifuani. Siku zile ardhi ya Gisenyi ilitetemeka mfululizo, nyumba zikapasuka, na mama akatuamuru tulale uani. Huko uani, juu ya mikeka, tuliunganisha kompyuta zetu mbili, kila tulipopata umeme, kwa waya mmoja usiofika hatua tatu tukacheza mchezo wa vita. Alinishinda kila mara. Nakumbuka jinsi mashine zilivyotii: nikibonya, askari wangu anafyatua pale pale.

Baba alipita nyuma yetu akatazama kitambo. Akauliza, "Huyo si alikufa sasa hivi? Mbona amesimama tena?" Nikamweleza kwamba katika mchezo mtu hurudishwa baada ya sekunde 10. Akatazama tena, akasema kwamba hajaona hata mmoja anayechoka, wala anayetafuta maji, wala anayeogopa, kisha akaenda zake kusikiliza redio. Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Mwaka 2022 mambo ya mpaka yalikuwa magumu. Kuanzia Juni kizuizi kilifungwa saa 9 alasiri, hivyo mwanafunzi anayetoka darasani jioni hakuwa na njia ya kwenda kumtembelea ndugu yake na kurudi. Hapo ndipo mimi na mwenzangu tulipoanza kucheza kwa intaneti, usiku, kila mmoja nyumbani kwao. Tulitumia vifurushi vya usiku kwa sababu ni rahisi, na umeme ulipokatika tulicheza hadi betri ilipokwisha. Katika orodha ya marafiki, jina lake lilikuwa na taa ndogo ya kijani kando yake. Mama, ambaye hajui kucheza hata kidogo, alizoea kuchungulia na kuuliza, "Taa ya mwanangu inawaka?" Ikiwaka, alikwenda kulala.

Lakini mchezo ule haukuwa tena ule wa mkekani. Nilikuwa nikijificha nyuma ya ukuta, nikishajificha kabisa, ndipo nafa. Baba aliona jambo hilo siku moja, na kwa mara ya kwanza aliuliza si kwa kukaripia bali kwa kutaka kujua: "Amepigwaje naye yuko nyuma ya ukuta?" Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza masomo ya chuo, nilitafuta jibu la kweli.

Kuna amri fupi ambayo mtu huiandika katika kompyuta, nayo humwonyesha vituo vyote ambavyo ujumbe wake hupitia hadi unakokwenda, na muda unaotumika kufika kila kituo. Niliifuata njia ya mchezo wetu. Ilitoka Gisenyi ikaenda Kigali, ikatoka nchini hadi pwani, ikaingia baharini, ikaibukia Ulaya, mahali ilipo seva, yaani kompyuta kubwa inayouamua mchezo. Mwenzangu alipofanya vivyo hivyo kule Birere, njia yake nayo iliishia huko huko. Maana yake ni kwamba risasi yangu ya mchezo haikuvuka Petite Barrière kamwe. Ilikwenda Ulaya, ikaandikishwa, kisha ikarudi Afrika kumtafuta mtu ambaye ningeweza kumpelekea uji kabla haujapoa.

Hesabu yake si ngumu. Nuru ikipita katika nyuzi nyembamba za kioo, ambazo ndizo zilizomo ndani ya kebo hizo, huenda kadiri ya kilomita 200,000 kwa sekunde. Toka kwetu hadi kusini mwa Ulaya kwa njia ya bahari ni zaidi ya kilomita 10,000. Kwenda na kurudi, basi, ni sehemu ya kumi ya sekunde hata kama hakuna kinachoichelewesha nuru njiani, na vipo vingi vya kuichelewesha. Mimi nilikuwa nikipata karibu sehemu mbili za kumi. Ni muda mdogo kama wa kupepesa jicho, lakini katika mchezo wa namna ile anayekaa karibu na seva hukuona kabla hujamwona. Hata ule ukuta ulikuwa na maelezo yake: katika kioo changu nilikuwa nimefika nyuma yake, katika kioo cha adui nilikuwa bado nakimbia mahali pa wazi, na seva ilimwamini yeye. Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kila mmoja anapigana vita yake," akasema, "na mwamuzi yuko mbali."

Wazee wa kazi hii husema kwamba sisi tumebahatika. Kabla ya Julai 2009, ilipofika kebo ya SEACOM katika pwani ya Afrika Mashariki, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipanda kwenye setilaiti zilizoko kilomita 36,000 angani na kushuka, na swali na jibu lake vilitumia kama nusu sekunde. Nchi isiyo na pwani kama Rwanda hufikia kebo za bahari kwa kupitia Tanzania, au Uganda na Kenya. Ni njia nzuri, lakini ni ndefu, na yanayotokea mbali hutupata hapa milimani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika katika bahari ya kuelekea Afrika Kusini, wakati ambapo kebo nyingine zilikuwa zimekwisha kukatika katika Bahari ya Shamu miezi michache kabla. Intaneti ya Afrika Mashariki nzima ilizorota. Nilikaa chumbani nikiitazama taa ya jina la ndugu yangu ikiwaka na kuzimika, huku nikijua kwamba yeye yuko nyuma ya nyumba chache tu, na ng'ombe wa mpakani wanaolia namsikia yule yule anayesikiwa naye.

Hapo ndipo nilipofikiri juu ya igisoro. Watu wa pwani na Zanzibar wakiuona ubao wake watasema ni bao, na hawatakosea sana: mashimo ni 32 katika safu nne, kete ni 64. Ila sheria si zile. Igisoro haina nyumba wala hatua ya kunamua. Baba ni mchezaji wa sifa. Mchezo huo haujali sekunde. Mchezaji huchagua shimo, huokota kete zake, huzipanda moja moja, na mwenzake hungoja, hata akitaka kunywa chai kwanza. Nikaona kwamba kama kompyuta mbili zinazijua sheria na zimeanza na ubao mmoja, hazina haja ya kupelekeana picha, wala mahali pa kila kete. Zinahitaji namba ya shimo tu, na herufi moja zaidi pale ambapo mchezaji ameruhusiwa kurudi kinyume. Kila mashine itazipanda kete yenyewe na zote mbili zitafika kwenye ubao ule ule. Ujumbe wa namna hiyo hauhitaji kebo ya bahari. Unaweza kupita katika ujumbe mfupi wa simu ya bei nafuu kabisa.

Kuiandika programu hiyo kulinichukua miezi kadhaa ya mwaka 2024, na msaidizi wangu mkuu alikuwa baba. Sheria za igisoro hazikuandikwa mahali nilipoweza kuzitegemea, kwa hiyo nilimweka mezani na kumwuliza: kete ya mwisho ikianguka hapa, itakuwaje? Alijibu kwa kucheza, si kwa maneno, nami nikaandika. Mara nyingine mashine ilipofanya jambo alilokataa, alikasirika kama ambaye amedhulumiwa kuku. Mwezi wa Desemba alikuwa akicheza na mtoto wa mama mdogo karibu kila siku, namba kwa namba, na ule mchezo wetu wa vita niliufungua mara chache sana. Hakuna aliyenikataza.

Jumatatu tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Sitaeleza vita; wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba makombora na risasi ziliangukia Gisenyi pia na baadhi ya watu wetu wakapoteza maisha, kwamba sisi tulilala sakafuni mbali na madirisha, na kwamba milio ile haikufanana na ile ya mchezo, ambayo hutoka upande wa kushoto au wa kulia. Hii ilitoka pande zote na kuingia kifuani. Goma ilikosa umeme na maji, na intaneti ilikatika. Jina la ndugu yangu katika orodha lilikuwa la kijivu. Mama aliniambia niiache kompyuta wazi hata usiku, nami niliiacha, ingawa nilijua kwamba taa ile haiwezi kuwaka bila umeme wa Goma na kwamba ninamaliza betri bure. Siku ya pili nilipomweleza hivyo alinitazama tu, na sikuizima.

Watu wengi wa Birere huwa na laini ya simu ya Rwanda, kwa sababu minara yetu hushika hadi kwao. Siku ya nne, jioni, simu ya baba ililia. Ulikuwa ujumbe mfupi, umetoka katika ile simu ndogo yenye vitufe ambayo betri yake hudumu juma zima. Baba hasomi vizuri bila miwani, akanipa nisome. Uliandikwa hivi: "Baba mkubwa tuko wazima wote, mama amepata maji. 11."

Mama alichukua simu akausoma mwenyewe, midomo ikitembea, akafika mwisho akauliza kumi na moja ni nini, kama ni watu waliojeruhiwa, au ni saa. Tulimweleza kwamba ni shimo. Ilikuwa zamu yake tangu Ijumaa. Baba alikuwa amekwisha kuinuka kuufuata ubao juu ya kabati.

Kwa sasa programu ile inafanya kazi katika simu za kawaida, na walimu wangu wameikubali iwe kazi yangu ya kumalizia masomo. Bado ina upungufu mmoja ambao baba hachoki kuulalamikia. Anasema igisoro ni maneno zaidi ya kete: mtu hucheza huku akimtania mwenzake, akimtisha, akimwimbia, na mashine yangu imenyamaza kama ukuta. Dawa aliyoipata ni kumpigia mtoto wa mama mdogo simu kila anapomla kete nyingi, amcheke. Salio linalotumika ni langu.