Kompyuta ya Nyumbani Nayo Yahitaji Bawabu?

Kikundi chetu cha akina mama kimebishana juu ya jambo hili zaidi ya mara moja. Je, kompyuta ya nyumbani inunuliwe programu ya kuzuia virusi, au ni kutupa fedha? Kompyuta tunayoitumia iko sebuleni kwa katibu wetu. Watoto wake hufanyia kazi za shule, na sisi tumeweka humo hesabu zetu zote za hisa na mikopo. Kwa hiyo huu si ubishi wa Simba na Yanga. Hesabu zile zikipotea, mjane aliyeweka akiba yake kidogo kidogo atadai kwa ushahidi gani?

Virusi vya kompyuta si ugonjwa wa vumbi wala wa umeme, kama wengine wetu tulivyodhani. Ni programu zilizoandikwa na watu kwa nia mbaya. Kwetu sisi mlango wao mkubwa ni flashi. Tukitaka kuchapa taarifa tunaipeleka steshenari, nayo inachomekwa katika mashine iliyokwisha kupokea flashi za mtaa mzima. Siku moja ilirudi na folda zetu zote zikionekana salama, kumbe zilikuwa alama tu zenye majina yale yale, na folda za kweli zimefichwa. Ukibofya alama, kirusi kinaingia. Kinga iliyomo ndani ya Windows ilipiga kelele na kuzifuta. Flashi ikaonekana tupu, na mweka hazina wetu akaketi chini bila kusema neno. Kijana mmoja wa kwaya akaagiza vilivyofichwa vionekane, na hesabu zote zikatokea.

Fayawoli ina kazi nyingine. Hiyo husimama kati ya kompyuta na mtandao, ikizuia wageni ambao kompyuta haikuwaita. Mwezi Agosti 2003 kirusi kiitwacho Blaster kilienea duniani bila mtu kufungua barua wala kubofya kitu. Kuunganishwa na intaneti kulitosha. Mwaka uliofuata Microsoft iliiwasha fayawoli ya Windows XP moja kwa moja kwa kila aliyepokea marekebisho yake makubwa. Nehemia naye, ukuta wa Yerusalemu ulipokwisha, aliweka mabawabu malangoni. Fayawoli ni ukuta. Programu ya kuzuia virusi ni bawabu anayekagua mizigo.

Basi tununue? Tumekubaliana hapana. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, bawabu na ukuta huja pamoja na kompyuta bila malipo, na kwa nyumba ya kawaida vinatosha. Lakini vinahitaji marekebisho mapya kila yanapotoka, hata kama yanakula bando. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fedha. Hata hospitali za Uingereza zilikwama. Marekebisho ya kukizuia yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka ule ule. Wenye Windows 10 nao wajue kwamba huduma yake ya kawaida ya marekebisho ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Tunaloliogopa zaidi ni fundi anayekuja na programu isiyo na leseni na kusema, “Mama, zima kwanza kinga, ndipo iingie.” Huyo anamfukuza bawabu ili apitishe mzigo usiojulikana. (Na mali ya wizi ni mali ya wizi, hata ikiwa ndani ya flashi.)

Fedha ambazo tungelipia leseni tulinunulia flashi ya pili, isiyokwenda steshenari kamwe. Kila mwisho wa mwezi katibu hunakili hesabu humo, kisha huichomoa na kuipeleka kwa mwenyekiti, kwa maana nakala inayobaki imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta. Hesabu hizo huchapwa pia kwenye karatasi na kutiwa sahihi na watu watatu. Karatasi hukaa kwa mweka hazina, ndani ya sanduku la bati, na mwanachama yeyote anaweza kwenda kuisoma.