Mkate wa Shangazi, Lamu

Tulivuka kwa mashua kutoka Mokowe alasiri, tukapita vichochoro vya Langoni tukiwapisha punda, hadi nyumbani kwa shangazi yetu. Akatuandalia mkate wa kumimina: mchele uliorowekwa usiku kucha, tui, hamira, sukari na iliki. Tukausifu sana.

Akainamisha kichwa. “Niwie radhi, mwanangu. Mchele nimesaga kwa blenda, tui ni la pakiti, na badala ya makaa nimeoka kwa oveni. Mikono hii haiwezi tena kukuna nazi.”

Tukanyamaza. Ni sisi tuliowaita wakaza wana wetu wavivu kwa jambo lilo hilo. Enyi mabinti, tusameheni. Mkate ulikuwa mtamu, na mpishi aliiwahi Magharibi bila kuchoka.