Baiskeli kwenye boksi, insulini shingoni: Familia ilivyosafiri kutoka Dar hadi Marangu

Saa nne usiku, sebule ya nyumba moja huko Tabata, Dar es Salaam, haikuwa na pa kukanyaga. Baiskeli mbili zilikuwa zimelazwa kwenye mkeka. Ya tatu ilishaingia nusu ndani ya boksi walilopewa na duka moja la baiskeli. Baba alikuwa amepiga magoti akipambana na pedali, mama ameshika mzani mdogo wa kuning'iniza, na binti yao wa miaka 13 yuko kwenye kochi akisoma orodha kwa sauti: tochi, viraka, pampu, soksi jozi tatu, insulini.

Ndege ya kwenda Kilimanjaro ilikuwa ya asubuhi. Baada ya hapo zingefuata siku nne za baiskeli, kutoka Moshi hadi Himo, kupanda Marangu, kisha kuifuata lami ya Rombo kuelekea Tarakea. Binti ana kisukari aina ya kwanza, maana yake mwili wake hautengenezi insulini na anaishi kwa sindano kila siku. Akikosa dawa kwa siku moja tu anaweza kuishia wodini.

"Nimeiweka kwenye mkoba mwekundu na nguo," alisema baba. "Kule chini ya ndege kuna ubaridi, itakaa kama iko kwenye friji."

"Baba, itoe," alijibu binti bila kuinua macho. "Daktari alisema haitoki mkononi mwangu."

Baba alikuwa na hoja, ila ilikuwa na tobo. Ni kweli insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye ubaridi, kati ya nyuzi joto 2 na 8. Lakini joto la chumba cha mizigo halitabiriki, na insulini iliyoganda hutupwa hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Kwa safari ya saa moja kutoka Dar hadi Kilimanjaro hatari ya kuganda si kubwa. Hatari kubwa ni ile ya kawaida ambayo kila msafiri anaijua: wewe unafika, begi halifiki.

Kipochi cha buluu kikatolewa kwenye mkoba mwekundu na kuvikwa shingoni mwa mwenyewe. Ndani kulikuwa na kalamu za insulini zikiwa kwenye boksi zake zenye lebo ya famasia, sindano, kipima sukari na vijiti vyake, vidonge vya glukosi na barua ya daktari. Mama alichukua akiba ya pili, dawa ileile kwa kiasi kilekile, akaiweka kwenye pochi yake. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa afanye hivyohivyo: dawa mara mbili ya inayohitajika, kwenye mabegi mawili tofauti, yote ya kuingia nayo ndani ya ndege. Kwa mtoto mwenye pumu, kivuta dawa nacho ni cha mkononi. Wanaosafiri nje ya nchi wajue kwamba ile sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100 huwa na nafasi kwa dawa zinazohitajika safarini, ila zitolewe na kuoneshwa kwenye ukaguzi, zisisubiri kugunduliwa.

Hapo ndipo kazi ya baiskeli ilipoendelea.

Pedali ndiyo inayowatoa watu jasho, kwa sababu ya kushoto ina nati za kinyume. Fundi mzoefu hana haja ya kukariri. Anaweka spana ikiwa imesimama juu, kisha anaivuta kuelekea nyuma ya baiskeli. Pedali zote mbili hufunguka hivyo. Gurudumu la mbele linatoka, usukani unalazwa sambamba na fremu, kiti kinashushwa. Kati ya miguu miwili ya foku, pale gurudumu lilipokuwa, kinawekwa kipande cha mti kilichokatwa kwa kipimo, maana boksi likidondoshwa kwa ubavu foku ndiyo ya kwanza kupinda. Kibadilisha gia cha nyuma kinafunguliwa na kufungwa ndani ya fremu kwa kitambaa. Kikiachwa kikining'inia nje, kitagongwa.

Kuhusu upepo, kuna imani kwamba tairi lisipotolewa upepo litapasuka angani. Sivyo. Hata presha ya hewa nje ya tairi ikishuka hadi sifuri, jambo ambalo halitokei kwenye ndege hizi, ni sawa na kuongeza takribani psi 15 tu, na tairi zima hustahimili. Mashirika mengi hutaka lipunguzwe hata hivyo, na hakuna sababu ya kubishana na mtu wa kaunta saa kumi na mbili asubuhi. Punguza, ila usimalize wote. Upepo kidogo hulinda rimu.

Halafu ikaja mikoba, ile ya kuning'inizwa kwenye keria, miwili kwa kila baiskeli. Ukiipeleka uwanjani mmoja mmoja, itahesabiwa mizigo sita na kulabu zake zitavunjika kwenye mkanda. Mama alikuwa na jibu la bei nafuu kuliko yote: shangazi kaja. Mikoba minne iliingia kwenye begi hilo la mistari, kulabu zikitazamana ndani na nguo zikiwa katikati, zipu ikafungwa kwa kamba ya katani. Mzani ulisoma kilo 22. Mashirika mengi huishia kilo 23 kwa begi moja, kwa hiyo palibaki nafasi ya kilo moja, ambayo baba aliijaza kwa spana zote za nyumba. Hapo alikosea, kama itakavyoonekana.

Mikoba miwili iliyobaki iligeuka mabegi ya mkononi. Humo iliingia benki ya umeme ya simu, ambayo haitakiwi kabisa kwenye mizigo ya chini kwa sababu betri za lithiamu zikishika moto humo ni vigumu kuzizima. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100, na benki ya miliampea 20,000 ina kama 74, kwa hiyo inapita. Betri ya baiskeli ya umeme haipiti, ni kubwa mno kwa ndege ya abiria. Mtungi wa gesi wa jiko la kambini haupandi ndege mahali popote, juu wala chini. Gundi ya viraka inashika moto, hivyo afadhali viraka vya kujibandika. Moshi gundi ipo kwa kila fundi wa baiskeli.

Na mifuko ya plastiki ya kufungia nguo zisilowe? Tanzania iliipiga marufuku Juni 1, 2019, na Kenya ilitangulia Agosti 2017. Viroba safi vya unga, vilivyofumwa, vinafanya kazi hiyo vizuri. Mama huyu hutumia foronya, na mvua ikinyesha anafunika koti juu ya mkoba.

Asubuhi uwanjani mambo yalikwenda. Baba alikuwa amepiga simu wiki mbili kabla kuuliza kuhusu maboksi, akaomba jibu kwa maandishi na kulichapisha. Karatasi hiyo ilimaliza mjadala kaunta. Kupiga simu mapema kuna maana zaidi kwa ndege za mapangaboi, ambazo mlango wa mizigo ni mdogo na nafasi haitoshi kwa kila kitu. Mzigo ukizidi, kipande kimoja hubaki kusubiri ndege inayofuata.

Ndicho kilichotokea. Uwanja wa Kilimanjaro uko katikati ya Arusha na Moshi, hauko mjini kokote, na abiria wakishaondoka kunakuwa kimya. Maboksi matatu yaliletwa. Mkanda ukazunguka, ukazunguka, ukasimama. Shangazi kaja haikuwepo. Mhudumu aliandika fomu, akasema huenda likaja jioni au kesho.

Binti alikaa juu ya boksi lake, akafungua kipochi, akapima sukari, akala biskuti mbili. Mama alimtazama mumewe. Hakuna aliyesema kitu, na hapakuwa na haja. Mkoba mwekundu ulikuwa Dar es Salaam.

Spana nazo zilikuwa Dar es Salaam.

Kwa hiyo baiskeli tatu nzima zilifika Moshi juu ya keria ya teksi, ndani ya maboksi. Karibu na soko, fundi mmoja aliyekuwa na benchi chini ya mti aliyafungua, akacheka alipoona kipande cha mti kwenye foku, akaunganisha zote tatu kwa muda usiofika saa moja. Alimwambia baba kwamba wageni wengi wanaotua na baiskeli hufunga spana kwa utepe ndani ya fremu yenyewe, ili baiskeli na spana vifike pamoja au vikose pamoja. Baba akaomba utepe hapohapo.

Begi lilikuja kesho yake mchana, kamba ya katani ikiwa imekatika na zipu nzima.

Safari ikabaki ya siku tatu. Kutoka Himo kwenda Marangu barabara inapanda bila huruma, migomba na mibuni pande zote, na maji ya mifereji yanasikika hata pale yasipoonekana. Kupanda mlima kwa baiskeli hushusha sukari ya mwilini, na kwa anayetumia insulini inaweza kushuka ghafla, hata saa kadhaa baadaye usiku. Kwa hiyo walisimama kila baada ya nusu saa, binti akapima. Mara moja alisoma 3.8, akiwa anatetemeka na kujibu kwa hasira. Vidonge vya glukosi, dakika 15, kupima tena, chapati, ndipo wakaendelea. Dozi za siku hizo walizipanga na daktari wake kabla ya kuondoka, hawakubahatisha njiani.

Marangu usiku ni baridi, kipochi kililala ndani ya blanketi na mwenyewe. Joto ndilo lingekuwa tatizo wangekwenda kwingine, hasa kwa dawa iliyoachwa ndani ya gari juani. Kuna habari njema kidogo kwa wasio na friji: utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliochapishwa 2021, kwa kutumia vipimo vya joto vya kambi ya Dagahaley nchini Kenya, ulionesha kwamba insulini iliendelea kufanya kazi kwa wiki nne kwenye joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mtungi wa udongo wenye unyevu husaidia kupunguza joto zaidi. Hata hivyo, maelekezo ya kwenye boksi na ya daktari wako ndiyo ya kufuata.

Siku ya kurudi, Moshi, walipima shangazi kaja kwenye mzani wa duka la nafaka. Kilo 31. Mama akafungua zipu na kukuta mkungu wa ndizi aliounuliwa na mumewe Marangu asubuhi, umefungwa kwa nguo zake.

"Hizi ni za bibi," alijitetea baba.

Spana zilikuwa tayari zimefungwa kwenye fremu, hivyo hapakuwa na kingine cha kutoa. Chane mbili ziliingia kwenye boksi la binti, zimeviringishwa sweta, pembeni ya kile kipande cha mti. Zilizobaki alipewa mwenye mzani.